Mionzi hospitalini: ipi hupita, ipi hubaki

Mgonjwa anarudi nyumbani baada ya wiki saba za tiba ya mionzi. Amechoka, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na kuwamba kama ya mtu aliyeunguzwa na jua, na kumeza mate tu ni kazi. Anakuta ametengewa kikombe chake na sahani yake, na wajukuu wameshaambiwa wasimsogelee. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Wamesikia kwamba "amepigwa mionzi", na mionzi wanayoijua wao ni ile ya mabomu na ya ajali za vinu vya nyuklia. Wanajikinga na mzee wao.

Habari kama hii huniuma kila ninapoisikia, kwa sababu kinga hiyo haimkingi mtu yeyote na chochote. Mzee huyo hana mionzi mwilini. Angeweza kumpakata mjukuu mchanga dakika ileile aliyoshuka kwenye kitanda cha mashine. Wakati huohuo yuko mgonjwa mwingine, aliyemeza kidonge kimoja tu cha kutibu tezi, akatoka hospitalini akitembea vizuri bila alama yoyote, na huyo ndiye anayetakiwa kukaa mbali na watoto kwa siku kadhaa. Wote wawili wametibiwa kwa mionzi. Neno ni moja, lakini yaliyowapata hayafanani hata kidogo, na hofu nyingi tulizonazo zinatokana na kutoyatenganisha.

Neno lenye ukoo mkubwa

Mionzi ni nishati inayosafiri kutoka kwenye chanzo chake. Mwanga wa taa ni mionzi. Joto unalolihisi usoni ukikaa kando ya moto ni mionzi. Mawimbi yanayoleta sauti kwenye redio na simu ni mionzi pia. (Vitabu vingine husema mnururisho, ni kitu kilekile.) Inayotofautiana ni nguvu. Mionzi hiyo niliyoitaja haiwezi kuivunja atomi. Ikizidi sana itakupasha joto, basi. Lakini ipo mionzi mikali zaidi, ambayo ikipita mwilini huweza kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Wataalamu huiita mionzi ayonisha. Eksirei imo humo, na miale ya gama imo humo. Elektroni ikichomolewa ndani ya seli, vinasaba vya seli hiyo vinaweza kukatika, na hiyo ndiyo sababu ya mionzi hii kushikwa kwa adabu. Kuanzia hapa, nikisema mionzi nakusudia hii ayonisha.

Kabla ya kuendelea tuwatoe wawili ambao huingizwa humu bila kosa lao. Ultrasaundi, ile anayopimwa mjamzito, haina mionzi kabisa. Ni sauti yenye mawimbi ya kasi kupita uwezo wa sikio, inayorudi kama mwangwi na kuchorwa kwenye skrini. MRI, mashine nyingine ya kupiga picha za ndani ya mwili, nayo hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Hatari yake ni vyuma, kwa hiyo ukiulizwa kama una kipande cha chuma au kifaa cha kusukuma moyo ndani ya mwili, jibu kweli. Seli zako haziguswi na mionzi ya kung'oa elektroni hata ukilala humo saa nzima.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni kwamba mionzi ayonisha haikuletwa na hospitali. Inatoka kwenye miamba na udongo, inashuka kutoka angani, na inatoka ndani yetu: mtu mzima ana potasiamu mwilini ambayo atomi zake elfu kadhaa hutoa mionzi kila sekunde inayopita. Kipimo kinachotumika kueleza athari ya mionzi kwa mwili ni milisiverti. Kwa wastani wa dunia, mtu mmoja hupata milisiverti 2.4 hivi kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili pekee. Ikumbuke namba hiyo, kwani tutapimia nayo.

Kivuli, kisha kitabu

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Röntgen alikuwa akipitisha umeme ndani ya bomba la kioo alilolifunika kwa karatasi nyeusi, akaona bamba lililopakwa kemikali, lililokuwa pembeni, likitoa mwanga. Kulikuwa na kitu kinachotoka kwenye bomba na kuipenya karatasi. Hakukijua, akakiita X, herufi ambayo wanahisabati huipa namba wasiyoijua. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, na ikaonekana mifupa ya vidole na pete aliyoivaa.

Picha ya eksirei mpaka leo ni kivuli tu. Mfupa una kalsiamu nyingi, unaizuia mionzi, unatokea mweupe. Mapafu yamejaa hewa, mionzi inapita, yanatokea meusi. Daktari akiona weupe mahali palipotakiwa kuwa peusi, anajua kuna maji, usaha au uvimbe.

Shida ya kivuli ni kwamba hubandika kila kitu juu ya kingine. Simamisha kitabu mbele ya taa, utaona ukutani umbo la kitabu, lakini hutasoma ukurasa wa 40. Skani ya CT ndiyo iliyokifungua kitabu. Mashine huzunguka mwili ikikusanya vivuli vingi kutoka kila upande, kompyuta huvipigia hesabu, na mwili hutokea ukurasa baada ya ukurasa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo ya kichwa mjini London mwaka 1971, kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa ameikokotoa hesabu hiyo miaka mingi kabla.

Vivuli vingi maana yake mionzi mingi. Picha ya kawaida ya kifua hukupa takriban milisiverti 0.1, na mara nyingi pungufu ya hapo, sawa na wiki mbili hivi za mionzi ya asili. Skani ya CT ya tumbo inaweza kufika milisiverti 10, yaani miaka minne hivi ya mionzi ya asili kwa mpigo mmoja. Je, hiyo ni hatari? Ipo, na ni ndogo. Kwa makadirio ya wataalamu wa kinga ya mionzi, watu 2,000 wakipata milisiverti 10 kila mmoja, huenda mmoja au wawili wakapata saratani ambayo wasingeipata. Ili uione namba hiyo kwa ukubwa wake, kumbuka kwamba duniani mtu mmoja kati ya watano hivi hupata saratani katika maisha yake, kwa sababu nyingine kabisa. Kwa watoto tahadhari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa seli zao zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele yao ya madhara kujitokeza.

Kwa hiyo naona kuna makosa mawili, na yote yanagharimu. La kwanza ni la aliyegonga kichwa, anatapika na kupoteza fahamu, ndugu wanabishana kama mionzi ya CT haitamdhuru. Damu inayovuja ndani ya fuvu haisubiri mjadala. La pili ni la anayedai CT kwa kila maumivu ya kichwa, "ili nijue tu". Daktari anayekukatalia anafanya kazi yake. Swali la kumuuliza ni moja: picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu? Na kama ulishapigwa picha kama hiyo majuzi, nenda nayo, isirudiwe bure.

Mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha yoyote. Lakini aliyepigwa eksirei ya mguu au ya kifua kabla hajajijua ana mimba asipewe hofu asiyostahili, maana mionzi inayomfikia mtoto hapo ni karibu na hakuna. Wapo waliofikiria kutoa mimba kwa ajili ya picha ya jino. Hilo linasikitisha, maana kumuuliza mtaalamu kungewatoa wasiwasi kwa dakika tano.

"Kama haina madhara, mbona wao wanatoka chumbani?"

Swali hili ni la haki na linastahili kujibiwa bila kumcheka aliyeuliza. Anayekupiga picha anaingia nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, anakuacha wewe peke yako na mashine. Anaonekana kama mtu anayejua jambo ambalo hakukuambia.

Fikiria manyunyu ya mvua. Wewe unavuka uwanja mara moja, unalowa matone mawili matatu, unaendelea na safari yako. Yeye kazi yake ni kuuvuka uwanja huo mara arobaini kwa siku, kila siku, kwa miaka thelathini. Asipojikinga ataloa chapachapa. Tena wewe unavuka kwa sababu kuna unachokifuata upande wa pili, yaani jibu la ugonjwa wako, wakati yeye hafuati chochote huko. Ndiyo maana huvaa beji kifuani inayohesabu mionzi aliyoipata, na kiwango cha kimataifa kwa wafanyakazi hao ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, wasivuke.

Tochi na kaa la moto

Hapa ndipo penye fundo lenyewe.

Washa tochi usiku, mulika ukuta, kisha izime. Mwanga umebaki wapi? Ukuta haukugeuka tochi. Ukiugusa hutaondoka na mwanga mkononi. Mashine ya eksirei, mashine ya CT na mashine kubwa ya kisasa ya tiba ya saratani, zote ni tochi: zinatengeneza mionzi kwa umeme, na umeme ukikatwa mionzi inakoma saa hiyohiyo. Kilichopita kimepita. Kinachoweza kubaki ni athari yake kwenye seli, kama vile ngozi inavyobaki na alama ya jua hata usiku umeingia, lakini hakuna anayeambukizwa jua na mtu aliyeungua. Hata sindano na glavu nyingi zinazotumika hospitalini zimeuliwa vijidudu kwa miale ya gama zikiwa ndani ya pakiti, na hazitoi mionzi yoyote unapozifungua.

Kaa la moto ni habari nyingine. Ukilitia ndani ya chungu ukatembea nalo, joto linakwenda unakokwenda. Halina swichi. Litapoa lenyewe, kwa wakati wake, na ukilimwaga litaunguza mahali litakapoangukia. Vitu vinavyotoa mionzi vyenyewe, bila umeme, kama kobalti-60, iodini-131 na sesiamu-137, ni makaa. Unaweza kuyafungia ndani ya risasi nene, lakini huwezi kuyaamuru yazimike.

Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu waliingia kwenye jengo lililohamwa la kliniki ya tiba ya mionzi, wakabomoa mashine ya zamani na kukitoboa kifuko kilichokuwa na sesiamu-137. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa rangi ya buluu gizani. Ulipendeza. Ulipelekwa nyumbani, ukagawiwa ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini. Watu wanne walifariki, 249 walikutwa na uchafu huo, na zaidi ya 110,000 walipangwa foleni kupimwa. Hilo ndilo kaa lililomwagika. Aliyebeba unga ule kwenye nguo aliweza kweli kumdhuru mwenzake. Lakini wagonjwa waliotibiwa kwa mashine hiyohiyo ilipokuwa nzima, sesiamu ikiwa imefungiwa ndani na kutoa miale kupitia dirisha dogo, walirudi majumbani kwao bila kubeba chochote. Tunapomtengea mzee wetu kikombe, tunamhesabu kama mtu wa Goiânia.

Kinachosababisha saratani kinaitibuje?

Mionzi huvunja vinasaba. Seli iliyovunjwa kidogo na kujirekebisha vibaya inaweza, miaka mingi baadaye, kugeuka saratani. Seli iliyovunjwa sana hufa. Tiba inakusudia hilo la pili, na kwa seli za uvimbe peke yake kadiri inavyowezekana.

Kipimo cha tiba ni grei, yaani kiasi cha nishati ya mionzi kinachofyonzwa na mwili. Mtu akipata grei nne hivi mwili mzima kwa mpigo mmoja, anaweza kufa asipotibiwa. Saratani ya koo hupewa grei 70, na mgonjwa anaondoka akitembea. Inawezekanaje?

Sehemu ya jibu ni mahali. Chukua tochi kadhaa dhaifu, zisimamishe pande zote za chumba, zote zielekee kitu kimoja katikati. Kila mwali peke yake ni hafifu, ila pale zinapokutana pana mwanga mkali. Mashine ya tiba huzunguka mgonjwa vivyo hivyo: ngozi na misuli ya njiani hupata kidogo kidogo kutoka kila upande, uvimbe hupata jumla. Ndiyo maana siku za mwanzo hupotea kwenye skani na mahesabu kabla matibabu hayajaanza, na ndiyo maana mgonjwa wa kichwa na shingo hutengenezewa barakoa ya plastiki inayoushika uso usisogee. Wagonjwa hulalamika kwamba wanacheleweshwa. Nawaelewa, lakini kosa la sentimita moja hapo ni kubwa.

Sehemu nyingine ni muda. Zile grei 70 hazitolewi siku moja. Hukatwa mara 35, grei mbili mbili, siku tano kwa wiki. Katika saa zinazopita kati ya dozi na dozi, seli nzima hukarabati sehemu kubwa ya uharibifu. Seli za saratani zimevurugika, na ukarabati wao kwa kawaida ni hafifu. Kila siku pengo linaongezeka. Mgonjwa anayekatisha katikati kwa kuwa "amepata nafuu", au anayeruka siku kwa ajili ya safari, anaupa uvimbe nafasi ya kuota upya. Kama kuna jambo moja la kumbana ndugu yako nalo, mbane na ratiba.

Watu husema "kuchomwa mionzi", na neno hilo limewafukuza wengi hospitalini. Mashine haichomi. Mgonjwa hulala dakika kadhaa, husikia mlio, haoni wala hahisi chochote, hushuka. Vidonda na uchovu huja baada ya wiki mbili tatu, na huja pale mionzi ilipopita: nywele za kichwani hazinyonyoki kwa sababu umetibiwa nyonga. Wala si kweli kwamba mionzi ni hatua ya kumsindikiza anayekufa. Takriban nusu ya wagonjwa wote wa saratani huihitaji wakati fulani, na wengi hupona kwayo. Saratani ya mlango wa kizazi ni mfano mkubwa. Hata pale isipoponya ina rehema yake, kwani dozi moja tu ya mionzi inaweza kutuliza maumivu ya saratani iliyoingia kwenye mfupa.

Kwenye mlango wa kizazi huongezwa njia ya kuingiza chanzo chenyewe, mara nyingi iridiamu-192, karibu kabisa na uvimbe kwa dakika chache kisha kukitoa. Ni kaa, lakini linabaki hospitalini. Tofauti iko kwenye baadhi ya saratani za tezi dume, ambapo punje ndogo za iodini-125 huachwa ndani moja kwa moja, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 60 hivi. Hao hupewa maelekezo yao.

Dawa inayotoa mwanga

Inasimuliwa kwamba mwanakemia George de Hevesy, alipokuwa kijana akifanya utafiti Manchester, alishuku kuwa mwenye nyumba aliyopanga anarudisha mezani mabaki ya nyama ya juzi. Akanyunyizia mabaki yake chembe ya kitu chenye mionzi, na siku chache baadaye kifaa chake kikaikuta kwenye mlo mpya. Wazo hilo la kumfuata mtu kwa alama asiyoiona lilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943, na ndilo msingi wa tiba ya nyuklia.

Hapa mashine haimuliki mgonjwa. Mgonjwa hupewa dawa yenye chembe za mionzi, na kamera iliyo nje huangalia inakwenda wapi mwilini. Inayotumika zaidi ni teknesiamu-99m, ambayo hubaki nusu kila baada ya saa sita. Ukidungwa saa mbili asubuhi, saa nane mchana imebaki nusu, usiku saa mbili robo, na kesho yake asubuhi ni moja ya kumi na sita, bado hujahesabu iliyotoka na mkojo. Kwenye skani ya PET hutumika sukari iliyofungwa na fluorini-18, ambayo hubaki nusu kila baada ya dakika 110 tu. Seli nyingi za saratani zina njaa kali ya sukari, hivyo hujikusanyia na kujifichua zenyewe.

Kisha kuna iodini-131, ambayo hutafuta na kutibu kwa pamoja. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ndiyo inayokusanya iodini kuliko kiungo kingine chochote, kwa kuwa huitumia kutengeneza homoni zake. Haitofautishi iodini ya kawaida na ile yenye mionzi. Mgonjwa humeza kidonge, tezi hukivutia kwake, na miale yenye masafa ya milimita chache huiua seli iliyoikaribisha. Upasuaji bila kisu.

Huyu sasa ndiye mwenye kaa ndani ya chungu. Nusu ya iodini hiyo hupotea kila siku nane, na nyingine nyingi hutoka kwa mkojo katika siku za mwanzo. Kwa siku atakazoambiwa, hulala peke yake, hampakati mtoto, hakai karibu na mjamzito, hunywa maji mengi, na akienda chooni humwaga maji mara mbili. Mama anayenyonyesha huachisha kabisa kabla ya kumeza. Masharti yakiisha yameisha. Hakuna sababu ya kuyaendeleza mwezi wa pili. Kilichobaki kinaweza kuwa kidogo mno kumdhuru mtu, lakini vifaa vya ukaguzi vya viwanja vya ndege vina hisi kali, na vimewahi kulia wiki kadhaa baada ya dozi. Hospitali humpa msafiri wa namna hiyo barua yenye jina la dawa, tarehe aliyoimeza na namba ya simu ya idara. Mzee aliyetibiwa shingo kwa mashine hahitaji barua hiyo.